Sanduku Lenye Urefu wa Mama

Mama yako ana urefu gani?

Usiniambie "wa kawaida". Nafundisha hesabu, kawaida si kipimo. Nauliza kutoka utosini hadi kisiginoni, kwa sentimita. Hujui. Watu wanaijua sauti ya mama yao akikohoa mlangoni, wanajua sufuria gani hataki iguswe. Urefu wake hawaujui mpaka siku wanapoitwa chumbani kushika ncha ya tete.

Mimi wa kwangu naujua. Mia moja na sitini na nane. Nakusimulia kwa sababu namba hiyo ilikaribia kumfanya mwanamke mzee aitwe mchawi mbele ya msikiti mzima... na kwa sababu nilichokisikia uani kwetu Carama bado sijakipatia jibu, mimi niliyesomea majibu.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya saba tangu tumzike mama. Nilitoka shule nikapitia Asiatique, mtaa wa maduka, nikamnunulia mdogo wangu Yahaya mrija wa silikoni na skurubu za mbao. Mabasi hayakuwepo, mafuta yamekuwa hadithi mjini, kwa hiyo nilitembea mpaka Carama, kipande cha mwisho viatu mkononi. Nilifika jua linazama nyuma ya milima ya Kongo.

Yahaya alikuwa uani. Kichwa ndani ya gari, miguu nje.

Huyu mdogo wangu anapakua mizigo bandarini. Meli zikiwa chache hurudi mapema, na mtu mwenye majonzi akirudi mapema lazima atafute kitu cha kukata. Yeye alikuwa anakata mbao: anatengeneza sanduku la spika ya besi ndani ya gari la marehemu baba, Carina kongwe isiyoonja petroli tangu kabla ya msiba. Mimi niliona ni mbwembwe tu za vijana, na sikumficha.

"We Yahaya, gari haina hata tone ya mafuta. Iyo besi ni ya kuchezesha kuku ya jirani?"

"Cheka tu, Yaya." Yaya ni mimi, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Leta silikoni."

Nikainama kumpa. Ndipo nikaliona sanduku lenyewe.

Masanduku ya aina hiyo nimeyaona kwenye magari ya vijana. Ni mafupi, ya mraba, yanakaa kwenye kofre, kule nyuma panapowekwa mizigo. La Yahaya lilianzia kwenye kofre, likapita mahali pa kiti cha nyuma alichokwisha kung'oa, likaishia mgongoni mwa kiti cha dereva. Refu. Jembamba. Upande mmoja mpana kidogo kuliko mwingine.

"Mbona refu hivi?"

"Besi inataka nafasi. Sanduku ikiwa fupi, sauti inabanwa kifua." Alijifuta jasho kwa mkono wenye gundi. "Alafu metre yangu ya kupimia ilikatika. Nikatafuta kitu kilinyooka, nikapata hii kwa chumba yako, nyuma ya kabati. Nikaona, basi, urefu wake njo urefu ya sanduku. Iko sawa sawa kabisa, aikukunjika hata kidogo."

Akakiinua kipimo chake nikione.

Tete kavu, rangi ya majani ya chai. Mwisho wake umekatwa mshazari.

Tete la mama.

Ngoja nikueleze, maana vijana wa siku hizi hamjui. Kwetu akifa mtu, kabla ya kuoshwa, analazwa sawa na kupimwa kwa tete lililonyooka, kutoka utosini mpaka kisiginoni. Linakatwa hapo. Wanaume wanalichukua kwenda makaburini, na wachimbaji wanachimba mwanandani, ule mfereji wa chini anamolazwa maiti, kwa kipimo hicho. Wakimaliza, tete linalazwa pembeni yake na kufukiwa. Halirudi nyumbani. Halipimiwi kitu kingine. Wazee husema kilichopimwa kwa tete la marehemu, marehemu ana haki nacho.

Siku ile Bi Khadidja, muoshaji wetu kutoka Buyenzi, rafiki ya mama tangu ujana, alishika upande wa kisigino. Mimi nilishika utosi. Akakata kwa kisu, akanipa. "Peleka kwa wanaume, mwanangu."

Kati ya chumba kile na ua kuna ukumbi wa hatua sita. Nilikuwa nimeushika urefu wa mama kwa mikono miwili. Kila kitu chake kilikuwa kinaondoka. Nguo zingegawiwa, godoro lilikwisha kutolewa nje. Pale ukumbini palikuwa na matete mengine yaliyobaki, yameegemezwa ukutani. Nikavunja moja kwa kukadiria, nikawapa wanaume hilo. La mama nikalipeleka chumbani kwangu.

Nilijiambia wachimbaji daima huongeza shubiri. Nilijiambia ni tete tu, na mimi ni mtu wa chuo kikuu.

Sasa Yahaya alikuwa amelishika bila kujua ni lipi, anasubiri nimsifu.

"Iko muzuri," nikamwambia. "Endelea."

Hilo ndilo neno nililosema. Endelea.

*

Sanduku la besi likivuja hewa, sauti inapiga mluzi na kazi yote imekwenda bure. Kwa hiyo fundi hulijaribu kabla ya kuunganisha nyaya. Yahaya aliwasha kijiti cha udi, akakipitisha polepole kwenye maungio ya mbao, kama daktari anayesikiliza mgongo. Moshi ukipeperuka, hapo pana ufa.

Hapakuwa na ufa. Moshi ulipanda wima.

Akafika mwisho kabisa, kwenye lile tundu la duara linaloachwa makusudi ili sanduku lipumue.

Moshi ukasimama.

Kisha ukaingia ndani. Wote, kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyekuwa na kiu nao.

"Umeunganisha kitu?" niliuliza.

"Apana. Betri iko chini, yenyewe hii."

Tulingoja utoke. Haukutoka.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Yahaya akafunga nyaya, akachomeka simu yake. Nikajiandaa kwa ule muziki wa kupasua vioo. Badala yake nikasikia mkwaruzo, pumzi, halafu sauti nzito ya mwanamke ikajaa gari, ikajaa ua, ikanipanda miguuni kupitia udongo.

"Yahaya, baba, umekula? Nimekuachia ndagala chini ya sahani. Usimuamushe Yaya yako, iko na makopi mingi ya kusahihisha."

Sekunde tisa. Ujumbe wa simu, wa mwezi wa mwisho wa uhai wake.

Yahaya hakunitazama. "Kwa simu anasikilika kama mududu ndani ya chupa," alisema. "Mama alikuwa na kifua, Yaya. We unakumbuka. Akikuita ukiwa kwa jirani, na jirani anaitika. Nilitaka nimusikie na kifua yake."

Mbwembwe za vijana, nilisema. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi haina haraka na mtu.

Aliucheza mara tatu. Kisha akaondoa nyaya ili betri isife, akatia simu mfukoni. Tulikaa kwenye kizingiti, mabega yakigusana, kitu ambacho hatukukifanya hata siku ya msiba.

Ssss...

Ndani ya gari.

Kitu kilikuwa kinajikokota juu ya mbao. Kutoka mgongoni mwa kiti cha dereva kuelekea kwenye kofre. Polepole, kama kitambaa kizito. Kikafika mwisho.

To.

Kisigino, niliwaza, na nikajichukia kwa kuwaza.

Kofre ilikuwa wazi. Mwanga ulikuwa bado unatosha kuona ule utando mweusi wa spika. Ukajisukuma nje, bila sauti, kama kifua kinachojaa. Ukabaki hapo. Ukarudi ndani.

Nyaya zilikuwa chini, kwenye mchanga.

"Umesikia?" Yahaya alinong'ona.

"Ni mbao. Mbao mubichi inajinyonga ikipata baridi."

"Mbao inanuka kafuri?"

Ilikuwa inanuka. Kafuri na maji ya vuguvugu, harufu ya chumba kile.

To... to.

Kichwa kikachomoza juu ya ua wa miti. Ilikuwa Astère, jirani yetu, karani wa serikali, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa mvua.

"Madame Lubna, munisamehe sana. Huyu mama mwenye kugonga, mbona hamumufungulie?"

"Mama gani?"

"Mi sijui, namusikia tu. Tangu jana wakati kama huu." Alifikiri kidogo. "Iko na subira, vraiment, kweli kabisa. Mi ningekuwa nimeshaenda zangu."

*

Majibu ninayo, usifikiri sina. Mbao hukauka na kulia. Spika huweza kusogezwa na hewa iliyobanwa. Udi unaweza kunuka vyovyote. Jumanne niliyapanga yote kichwani, moja baada ya jingine, mbele ya darasa zima lililokuwa linafanya jaribio. Jumanne magharibi sanduku likayafuta.

Ssss... To.

Kila siku wakati ule ule, wakati tulipomzika. Sauti yenyewe haikuwa ya hasira. Hiyo ndiyo iliyonitesa. Ungesikiliza vizuri, ilifanana na mtu aliyelala vibaya siku nyingi, hatimaye amepata kitanda.

Yahaya aliacha kula. Alikuwa anakaa kando ya gari, kiganja juu ya mbao, anasema naye chinichini. Nilimsikia akimwomba msamaha, mara nyingi, wala sikumuuliza wa nini. Anayeficha la kwake haulizi ya wenzake.

Jumatano alirudi bandarini na macho mekundu.

"Nimepita kwa Tajudini," alisema.

Tajudini anapiga ramli nyuma ya soko. Ana simu mbili na miwani isiyo na vioo vya kusomea. Huivaa ili aonekane amesoma. Nilimwambia Yahaya hivyo.

"Cheka tu. Amesema mama amefungwa. Amefungwa na mukono ya mwisho ilimugusa. Nani alimugusa mwisho?"

"Yahaya..."

"Muoshaji. Bi Khadidja. Kesho namuleta hapa, asikie mwenyewe. Asipomufungua mama, Ijumaa baada ya swala nasimama mbele ya watu nasema jina yake."

Wewe si mgeni wa mji huu. Unajua neno mchawi likisemwa mbele ya watu linafanya nini kwa mjane anayeishi peke yake kwenye chumba kimoja. Nani atamwita tena kuosha? Nani atamwamkia? Na jiwe la kwanza juu ya bati lake lingepigwa na mtoto wa nani, ambaye bibi yake alioshwa naye?

Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Nilimwita Tajudini tapeli. Nilimwita Yahaya mjinga. Nilisema juu ya elimu, juu ya dini, juu ya heshima ya wazee. Nilisema yote isipokuwa moja.

*

Alhamisi alimleta.

Bi Khadidja alishuka kwenye baiskeli ya kukodi mbele ya geti, mdogo, mgongo umepinda, kanga yake ikinuka kafuri kama kawaida. Vidole vyake vina mikunjo isiyokauka. Yahaya alikuwa amemwambia mimi ni mgonjwa. Alikuja na chupa ya uji.

"Lubna, mwanangu, mbona uko umesimama? Banasema uko hoi."

"Kaa, Bibi," alisema Yahaya. Hakumwamkia. Alimwekea kiti karibu na gari. "Ngoja kidogo. Utasikia."

Jua likaingia Kongo. Mbwa wa Astère akaanza kulia, kisha akanyamaza ghafla, kama aliyefungwa mdomo.

Ssss...

Bi Khadidja aliinua kichwa.

To.

Hakushtuka. Alifunga macho, midomo ikawa inasoma. Mtu aliyekaa na wafu miaka arobaini anajua kusikiliza.

"Huyu ni Mwanvua," alisema. Hilo ni jina la mama yetu. "Ananyoosha miguu."

Yahaya akaanza kulia. Si kwa sauti. Alilia kama mtu anayetokwa jasho.

"Sasa niambie, Bibi. Ulimufanya nini? Sababu kaburi ilikuwa fupi."

Nilimsogelea.

"Fupi namna gani?" niliuliza.

"Fupi, Yaya. Wachimbaji walifuata tete, walipima mara mbili. Mi niko ndani ya shimo, nimemupokea mama na mikono yangu, namulaza... aenei. Shubiri nzima. Nawaambia waongeze, mvua ikaanza, udongo ikawa inaporomoka juu ya sanda, watu wanasema magharibi hiyo, magharibi hiyo. Nikasema basi." Alijipiga kifuani. "Nikamukunja magoti. Nilimukunja mama yangu kama mukeka, nikamuacha vile. Nikarudi nyumbani nikawaambia wamama amelala vizuri."

Wiki saba alikuwa amebeba hilo. Wiki saba nilikuwa nikimwona amejikunja kitandani, magoti kifuani, nikidhani ni uvivu.

"Tajudini amesema tete ilifupishwa," aliendelea. "Na mutu aliipima. Ni we uliishika kisigino, Bibi. Ni we ulikata. Mama alikukosea nini?"

Bi Khadidja alikuwa anatazama ndani ya gari, kando ya sanduku, mahali tete lilipokuwa limeegemea. Alinyoosha mkono, akalichukua. Akapapasa mwisho wake, ule mkato wa mshazari, kwa kidole gumba. Kila fundi anaujua mkono wake. Akalilaza juu ya sanduku.

Ncha kwa ncha. Halikuzidi hata ukucha.

Kisha akanitazama.

Sijawahi kutazamwa vile. Hapakuwa na lawama. Alinitazama kama anavyowatazama wale asioweza tena kuwauliza kitu. Akaona yote, ukumbi, hatua sita, matete ukutani, mikono yangu miwili. Akalirudisha tete mahali pake, polepole, sehemu iliyokatwa ikielekea chini ili Yahaya asiione.

"Yahaya," alisema. "Mi naosha watu. Uchafu ya watu naijua. Kama moyo yako itapoa, sema ni mi. Kesho simama pale msikitini useme. Mi ni muzee, nitabeba. We na dada yako mubaki pamoja, mumebaki wawili tu."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nimesema utasema vile unataka."

"Nataka kweli, Bibi. Kwa mudomo yako."

"Kunywa uji, mwanangu," alisema yule mzee. "Umekonda."

Yahaya akasimama. Alikuwa anatafuta ufunguo wa geti. Alitaka kwenda usiku ule ule, asingoje Ijumaa, kwa imamu, kwa wenzake wa bandarini, kwa yeyote. Nilijua akitoka pale hatarudi na neno lile mdomoni. Litakuwa limeshakuwa la watu.

Ndani ya sanduku, kitu kikajivuta. Ssss... kikaja upande wetu safari hii, upande wa lile tundu la kupumulia. Kikaishia hapo. Utando wa spika ukatoka nje, ukajaa, ukabaki umejaa.

Haukurudi.

Ulikuwa unangoja. Sisi watatu tulikuwa tunapumua, chenyewe kimeshika pumzi.

Mimi ndiye ninayewakata wanafunzi alama kwa desimali moja. Mimi ndiye niliyemcheka Tajudini kwa miwani yake. Yahaya alikuwa tayari na mkono kwenye geti.

"Yahaya. Bi Khadidja alikata vizuri."

Akageuka.

"Iyo tete uko nayo kwa gari, yenye ulipimia sanduku, njo ya mama. Ya kweli. Niliificha nyuma ya kabati sababu nilitaka kubaki na urefu wake. Yenye niliwapa wanaume niliivunja mi mwenyewe pale ukumbini, nikakadiria na macho. Bibi ajafanya kitu. Kaburi ya mama, ni mi niliifupisha."